Kuuchoma mji wa adui: swali kutoka barazani Bagamoyo

Mwezi uliopita tuliwapokea wanafunzi wa kidato cha tano waliokuja kuzuru Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tulipokaa barazani kukwepa jua, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, kama adui analishwa na mji wake, kuuchoma kuna kosa gani?" Alikuwa amesoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Pale nilimjibu kwa kifupi, na jibu lenyewe halikuniridhisha.

Jenerali William Tecumseh Sherman wa Kaskazini, yaani upande wa serikali kuu uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa, aliuteka mji wa Atlanta, Georgia, Septemba 1864, akaamuru raia wahame. Meya akamsihi kwa barua: kuna wajawazito, na baridi inakuja. Sherman akajibu kwamba vita ni ukatili, wala hakuna namna ya kuulainisha. Katikati ya Novemba mji ukatiwa moto, naye akashika njia ya pwani na askari wapatao 60,000. Savannah ilianguka Desemba 21.

Kilichofanyiwa reli kinafaa kutazamwa kwa karibu. Askari waling'oa vyuma, wakarundika mataruma ya mbao na kuyawasha, kisha wakavilaza vyuma juu ya moto. Chuma kikishaiva chekundu katikati, wanakishika ncha zote mbili na kukizungushia mti. Waliviita tai za Sherman, kama tai ya kufunga shingoni. Hapo sina ugomvi naye. Atlanta ilikuwa njia panda ya reli, na risasi na chakula cha jeshi la Kusini vilipita humo. Ukipiga karakana na bohari kama zile, umelipiga jeshi.

Ila moto haukuishia kwenye karakana. Katika ripoti yake mwenyewe, Sherman alikadiria hasara ya Georgia kuwa dola milioni 100, na akasema milioni 20 hivi ndizo zilizolinufaisha jeshi lake. Zilizobaki aliziita uharibifu mtupu. Wanaomtetea huipita haraka sentensi hiyo. Mimi huwa nasimama hapo, maana aliyeiandika si adui yake.

Wala si kwamba kanuni hazikuwapo. Aprili 1863 serikali ya Rais Lincoln, ya Kaskazini, ilitoa kanuni za vita zilizoandaliwa na mwanasheria Francis Lieber: ulazima wa kijeshi uliruhusu kuharibu mali, lakini kuangamiza eneo ovyo kulikatazwa. (Kusini nao hawakuwa malaika. Julai 1864 waliuchoma mji wa Chambersburg, Pennsylvania, wakazi waliposhindwa kutoa fedha walizodaiwa.)

Kuna jambo ambalo mtu wa Bagamoyo hawezi kuliruka. Mwaka 1860 Georgia ilikuwa na watumwa zaidi ya 460,000, na jeshi la Sherman lilipopita, maelfu yao waliacha mashamba wakalifuata. Mji wetu ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya bara. Tunajua mnyororo ni kitu gani. Ukiniambia vita vile vilikuwa vya haki kwa sababu hiyo, sitabishana nawe. Lakini Desemba 9, 1864, kwenye kijito cha Ebenezer, jenerali mmoja wa jeshi hilohilo aliamuru daraja liondolewe kabla waliokuwa watumwa hawajavuka. Wengi wakazama. Haki ya vita haikuhalalisha kila kilichotendwa ndani yake.

Sisi tuliupata moto wetu mwaka 1888 na 1889, Abushiri bin Salim alipopigana na Wajerumani. Vile vilikuwa vita vya kupinga kutawaliwa, si vya ndugu kwa ndugu, ila anayeunguliwa haulizi tofauti hiyo. Mji ulibaki magofu, na maelfu ya watu wakakimbilia misheni ya Roho Mtakatifu. Nyumba ya mawe ya matumbawe ikiungua, kuta husimama, na mwenyewe akirudi huezeka upya. Ya udongo na makuti haiachi kitu. Mpagazi, mvuvi na mjakazi ndio waliolala ndani ya hizo.

Leo sheria imekaza zaidi. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inakataza kuharibu mazao, mifugo na visima ili kuwatia raia njaa. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unahesabu uharibifu wa mali ya adui bila ulazima wa kijeshi kuwa uhalifu wa kivita, hata kama vita ni vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo swali haliulizwi juu ya mji mzima. Huulizwa jengo kwa jengo.

Nilipomweleza hivyo, kijana akanibana: "Na kinu cha unga je?" Hapo akanipata. Kinu kinamsagia askari, na kinamsagia mtoto wa jirani. Sherman mwenyewe hakumwachia kila askari uamuzi huo. Kwa amri yake, ni makamanda wa vikosi vikuu tu walioweza kuagiza kinu kiharibiwe. Nilimwambia kijana kwamba ningetaka kwanza kujua unga wa kesho ni wa nani, na kama kuna kinu kingine karibu. Akaandika kwenye daftari lake, kisha dereva wa basi akapiga honi.