Kabla hujaniuliza kama biashara ya mtandao ni halali, niletee risiti

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama biashara fulani ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuingiza wengine ili ulipwe kamisheni, ni ya kweli au ni upatu, yaani piramidi. Mimi ni mhasibu. Bidhaa inaweza kuwa nzuri na ofisi zikang'aa, lakini swali langu ni moja tu: pesa ya kamisheni imetoka mfukoni mwa nani?

Mama mmoja aliniletea risiti za miezi minane na daftari lake la mauzo. Kila mwezi alinunua chupa sita, na kila mara ilikuwa tarehe za mwisho, 28 au 29. Nikamuuliza kulikoni. Akasema lazima afikishe pointi, la sivyo kamisheni ya timu inampita. Tukahesabu. Chupa 48 kwa jumla: 7 walinunua watu wa nje, 9 zilitumika nyumbani, na 32 zimo bado kwenye maboksi chini ya kitanda. Kampuni ilishaandika zote 48 kuwa mauzo, wakati mteja wa chupa 41 alikuwa mama huyuhuyu.

Hapo ndipo biashara na piramidi zinapoachana. Marekani, tume ya biashara, FTC, iliweka kipimo hicho mwaka 1975 katika shauri la kampuni ya vipodozi ya Koscot: ukilipia kuingia, kisha ukazawadiwa kwa kuingiza wengine bila kutegemea bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho, hiyo ni piramidi. Mwaka 1979 Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, ilipona kwa kipimo hichohicho, na wanaoalika watu hupenda sana kuitaja hukumu hiyo. Masharti yake hawayataji. Amway ilikuwa na kanuni za kumtaka msambazaji auze asilimia 70 ya alichonunua, awe na wateja 10 wa rejareja kila mwezi, na bidhaa zisizouzika zirudishwe. Tena hukumu hiyohiyo iliikuta na kosa la kutia chumvi kipato cha wasambazaji. Herbalife nayo, kampuni nyingine ya mtandao, mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili malipo yake Marekani ili angalau theluthi mbili ya zawadi za wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa.

Hesabu ya "leta watu sita, nao walete sita" haina haja ya mhasibu. Ngazi ya 11 inadai watu zaidi ya milioni 362. Ya 13 inadai zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima haina watu hao. Kwa hiyo walio wengi lazima wawe chini, hata wote wakijituma usiku na mchana.

Ndiyo maana niliumia yule mama aliponiambia, kwa sauti ya chini, kwamba kosa ni lake, hakujituma vya kutosha. Aliyemwingiza ndiye aliyemfundisha kusema hivyo. Nilimwonyesha safu ya tarehe: hakuna mwezi hata mmoja alioacha kununua. Angejituma vipi zaidi?

Tukafungua mkataba. Ukurasa wa mwisho una kifungu cha kurudisha bidhaa ambazo hazijafunguliwa, ndani ya miezi 12. Chupa zote 32 zimo ndani ya muda. Barua tuliiandika palepale mezani, na nakala za risiti tukaziambatanisha kwa kufuata tarehe.