Kagongwa kichwa uwanjani, kaamka, kasema yuko poa: maswali mnayoniuliza

Mtikisiko wa ubongo ni nini?
Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu, basi. Iwe mmegongana vichwa, umekula kiwiko au umeangukia kisogo.

Hakuzimia, si yuko salama?
Hapana. Narudia, hapana. Wengi hawazimii kabisa, wanapepesuka kidogo, wanauliza ngapi ngapi, wanamwagiwa maji kichwani kocha anapiga kelele "wewe mwanaume, ingia!" Fainali ya Kombe la Dunia 2014 Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa akaendelea kucheza karibu robo saa, akafikia kumuuliza refa hivi hii ni fainali kweli? Hapo madaktari wapo pembeni, sembuse mchangani kwetu ambako hata bendeji hakuna.

Akipumzika dakika kumi arudi?
Asirudi siku hiyo. Hata kama mnagombea ng'ombe, asirudi. Pigo la pili likikuta la kwanza halijapona ubongo unaweza kuvimba ghafla akafa, hasa kijana mdogo.

Nje ya uwanja inamfanyaje?
Hapa ndo naumiaga. Wiki mbili tatu baadaye mama au mke anamleta, hasemi habari ya kichwa, anasema tu "amebadilika." Hasira za ghafla, anafokea watoto kisa redio, anasahau alichotumwa dukani, mwanga unamsumbua, usingizi hamna, shuleni haelewi kitu. Wengine washazungushwa kwa waganga wakaambiwa karogwa na timu pinzani jamani! Ukiuliza taratibu ndo unasikia aaah kuna siku aligongana na beki, ila alimaliza mechi. Kila siku hiyo "ila alimaliza mechi."

Inapona?
Watu wazima wengi ndani ya wiki mbili, watoto hata mwezi, wakipumzika kweli. Arudi mazoezini kidogo kidogo baada ya kupimwa, sio kocha ndo aamue.

Na kupiga mpira kwa kichwa miaka yote?
Jeff Astle, straika wa Uingereza aliyesifika kwa vichwa, alifariki 2002 ana miaka 59 tu, kumbukumbu zimeisha, na uchunguzi wa kifo ukasema ni ugonjwa uliotokana na kazi yake. Kwa hiyo watoto wadogo msiwapigishe vichwa hamsini kwa siku mkasema ni mazoezi.

Lini tumkimbize hospitali?
Akizimia hata sekunde chache, akitapika tapika, kichwa kikizidi kuuma, degedege, maneno hayaeleweki, mkono umelegea, mboni moja kubwa kuliko nyingine, damu au maji yanatoka sikioni. Usiku huo huo, sio "alale tuone asubuhi." Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mtu anaongea na kucheka vizuri tu, halafu asubuhi hamumwamshi. Na msimpakize bodaboda peke yake.

Maumivu tumpe nini?
Panadol. Diclofenac na aspirini acheni mpaka apimwe.