"Nasubiri mtaji": dhana potofu kuhusu ufundi na kujiajiri

Juzi kijana niliyemfundisha uchomeleaji alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Nipo tu nyumbani, nasubiri mtaji." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inaniuma, maana kijana huyu mkono wake ni mzuri.

Dhana: Bila mtaji huwezi kujiajiri

Ukweli: Katika ufundi wetu mteja ndiye anayenunua mali, yaani vyuma na vifaa vya kazi. Akiagiza grili ya dirisha anatoa advansi, yaani malipo ya awali, na advansi hiyo ndiyo inayokwenda duka la vyuma. Mashine unaanza na ya karakana ya mtu, unamlipa kwa kazi. Kinachowaangusha vijana wetu ni makadirio.

Chukua dirisha la sentimita 120 kwa 150, skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) ya inchi 1, fito 9 za kusimama ndani ya fremu. Kijana anajumlisha: fremu mita 5.4, fito 9 za sentimita 145, jumla mita 18.45. Anagawa kwa 6, maana paipu moja ni mita 6, anapata 3 na ushee, anaandika paipu 3. Sasa aende akakate! Paipu ya mita 6 inatoa fito 4 tu za urefu huo. Fremu imekula paipu 1, fito 9 zinadai 3, jumla 4. Hiyo ya nne itatoka kwenye pesa yake ya ufundi, na hapo hajagusa rodi za kuchomelea, diski za kukatia, rangi ya kuzuia kutu, umeme wala nauli ya bajaji. Angekubaliana na mteja waweke fito 8, nafasi kati ya fito ingeongezeka kwa sentimita 1 na kidogo, na paipu 3 zingetosha. (Pima paipu dukani kabla hujalipa. Zipo zinazoitwa za mita 6 na hazifiki.)

Hasara kama hiyo ikijirudia, fundi anakula advansi ya mteja wa tatu ili amalizie kazi ya wa kwanza. Kisha anazima simu. Mitaani wanasema mtaji umekata, lakini hata ukimpa milioni 5 leo, zitapita njia ileile.

Ndiyo maana nawasihi: nunua daftari la makadirio kabla ya kuwaza mashine. Hata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba lakini unarudishwa.

Dhana: Ufundi stadi ni wa waliofeli

Ukweli: Mzazi, mtoto asiyetaka hesabu atapata tabu sana kukata kenchi ya paa. Usimlete kwetu kama adhabu.

Dhana: Aliyejifunzia mtaani hawezi kupata cheti

Ukweli: Anaweza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa unachokijua, unaongezewa ulipopungukiwa, unapewa cheti. Ulizia chuo kilicho karibu nawe.

Yule kijana nimemwambia aje Jumamosi na tepu, kalamu na daftari. Jirani yangu ana madirisha manne hayana grili, na ameniahidi kwamba makadirio yakieleweka, advansi ataitoa siku hiyohiyo.