Polisi aliye ofu akikuandikia faini: tuelewane mara moja

Kauli imezuka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma kuhusu kugombana barabarani na polisi aliye ofu, yaani asiye zamu: "Polisi akishavua sare ni raia kama wewe. Yuko ofu, hana mamlaka, mpite." Anayeisema huwa anajiamini kweli, na anayeifuata hulala mahabusu. Kuna na kambi ya pili, yenye hasara zaidi: "Polisi ni polisi saa 24, akikuandikia popote pale, lipa yaishe." Kazi yangu ni kesi za barabarani, nimechoka kuwajibu watu mmoja mmoja. Wote mmekosea, ila mmekosea sehemu tofauti.

Kambi ya kwanza haihitaji muda mwingi. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamhesabu kila askari kuwa yuko kazini wakati wote, na anaweza kupangiwa kazi popote nchini. "Ofu" ni ratiba ya kituoni kwake, sheria haiitambui. Akikuona unavunja amani mbele yake, kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamruhusu kukukamata bila hati, awe na sare, kaptula au kanzu ya Ijumaa. Tena hata tukikubali kwamba ni raia tu, hujapona: kifungu cha 16 kinampa mwenye mali haki ya kumkamata anayemharibia mali yake, kisha amfikishe polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo ukishamvunjia mtu saitimira pale mataa, hoja ya "hana sare" haikusaidii chochote.

Sasa sehemu inayonikera. Kukamata ni jambo moja, kuandika faini ni jambo jingine, na watu wanayachanganya kila siku.

Ile notifikesheni, yaani karatasi ya faini unayoandikiwa barabarani, si hukumu. Isomeni. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kinampa ofisa wa polisi mwenye sababu ya kuamini kwamba umetenda kosa uwezo wa kukupa nafasi: lipa kiasi kilichowekwa, kosa liishe bila kufika mahakamani. Kiasi hicho ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na kwa bodaboda na bajaji kilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Ni ofa. Ofa hukataliwa. Ukiikataa, mwenye wajibu wa kuthibitisha kosa ni upande wa mashtaka, na hapo ndipo ubishi wako unapopata mahali pake. Pembeni ya barabara ubishi hauna hakimu wa kuusikiliza.

Angalia maneno "sababu ya kuamini". Hayasemi "aliyeona kwa macho yake". Basi askari wa kiraia aliyechomekewa pale Nanenane anaweza kumpigia simu mwenzake wa zamu aliyesimama Ihumwa, akamtajia namba ya gari na kosa, na huyo wa zamu akakusimamisha na kukuandikia. Dereva hulalamika: "Lakini huyu hakuniona!" Kwa kuandika notifikesheni, si lazima akuone. Kwa kukutia hatiani mahakamani, lazima apatikane aliyeona aje kutoa ushahidi, naye ni yule yule mliyegombana naye. Na msijidanganye na "neno lake dhidi ya langu". Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Kinachobaki ni kumfanya hakimu ajiulize kama shahidi mwenye hasira anaaminika, na hapo kamera ndogo ya kwenye kioo ina faida kuliko wakili, mimi nikiwemo.

Kambi ya pili, mnanisikia? Kifungu cha 95 kinasema ofisa wa polisi, hakisemi trafiki. Kwa maandishi matupu, aliye ofu hajafungiwa mlango. Kinachomkwamisha ni utaratibu. Faini ya sasa hutoka kwenye mashine, inaingia kwenye mfumo, unapewa kontrol namba (namba ya kulipia serikalini) ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na pesa inaingia serikalini. Mashine iko kwa askari wa zamu. Mtu aliyetoka sokoni Majengo na mfuko wa mchicha hana mashine. Akikwambia "nipe elfu ishirini nikufutie" au "tuma kwa namba hii", hapo tumeshatoka kwenye usalama barabarani na kuingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambayo kifungu chake cha 15 kinambana anayepokea na anayetoa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, simu ni bure.

Hasira za barabarani zenyewe je? Hakuna kosa linaloitwa hivyo katika sheria zetu. Hukatwa vipande: kuendesha kwa hatari au kwa uzembe chini ya Sura ya 168; matusi yanayoweza kuvunja amani, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu; shambulio la kawaida, 240; shambulio la kudhuru mwili, 241; kuharibu mali, 326. Foleni ya asubuhi ya kwenda Mtumba ina uwezo wa kuzaa vyote vitano kabla ya saa mbili kamili. Mtu anachomekea kwenye kipilefti, mwingine anapiga honi, anawashiwa full, anamfunga mwenzake kwa mbele na kukanyaga breki makusudi, milango inafunguliwa. Notifikesheni inashughulikia kile cha barabarani tu. Matusi na ngumi hayalipiwi kwa kontrol namba, na askari anayekwambia "nikuandikie tu ya kuovateki, lile kofi tulisahau" anakuuzia kitu asichokimiliki.

Na sasa eneo ambalo vitabu hupita haraka. Je, askari aliye upande mmoja wa ugomvi aandike au akamate? Kifungu hakimkatazi waziwazi. Kwa maoni yangu asifanye kabisa. Aite wa zamu na yeye abaki mlalamikaji kama mlalamikaji mwingine yeyote. Lakini maoni yangu si sheria. Ugumu unakuja kwenye kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, kumshambulia askari akiwa anatekeleza wajibu wake. Mtu aliyevaa fulana ya mpira, anatukana kupitia dirisha la gari lake dogo, anatekeleza wajibu gani? Hakuna. Sekunde tano baadaye anatoa kitambulisho na kusema "uko chini ya ulinzi". Ameanza wajibu, au anaendeleza ugomvi kwa njia nyingine? Kwa ukweli hilo linategemea ushahidi na hakimu, na wakili anayekuhakikishia jibu kabla ya kesi anatafuta ada tu. Nisichokuwa na shaka nacho ni hiki: ukimsukuma baada ya kitambulisho kutoka, umemrahisishia kazi sana.

Kwa hiyo barabarani fanya hivi. Usisimame gizani, hasa vipande vya Kizota kwenda Bahi au Veyula usiku. Washa hazadi, punguza mwendo, nenda hadi sheli yenye taa au kituo cha polisi, na kama unaogopa piga 112 ukiwa umeegesha. Zima gari, mikono ionekane, shusha kioo kidogo. Omba kitambulisho kwa heshima ("afande, naomba kukiona kitambulisho chako") na usome jina na cheo. Kuanzia konstebo hadi stesheni sajini atakuwa na namba ya askari. Mkaguzi na kuendelea hana, hivyo usimwite tapeli kwa kukosa namba. Akiwa askari kweli, onyesha leseni. Akisema unakamatwa, uliza kosa, ana wajibu wa kukwambia, kisha nenda. Kituoni andikisha na wewe malalamiko yako upate RB (namba ya taarifa yako kituoni), na ukiwa umeumia chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya hospitali. Dhamana ya polisi hailipiwi. Malalamiko juu ya askari mwenyewe yapeleke kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), au kwa RTO (mkuu wa trafiki wa mkoa) kama ni trafiki, yakiwa kwenye karatasi na yana saa na mahali.

Kesho yake ingia kwenye mfumo wa trafiki wa Jeshi la Polisi, weka namba ya gari. Utaona kosa, mahali na tarehe. Ukikuta deni la mwendokasi la Kibaigwa wakati ulikuwa unagombana Nkuhungu, hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka ofisi ya RTO, na ipeleke mapema kwa sababu deni lililochelewa huongezewa penalti.

Ila usilipe kwanza "ili gari liwe safi" halafu uje kupinga. Malipo ndiyo kukubali ofa. Kosa limeisha na ubishi umeisha nalo. Ukiamua kukataa, jua pia kwamba hakimu hafungwi na 30,000. Ukishalipa, tafadhali usinipigie simu.