Kifaransa cha kupigia simu Lubumbashi

Nafundisha Kifaransa, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa kliaringi, yaani wa kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam. Mizigo yao inapita Tunduma, inakatiza Zambia, inaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mteja wa Lubumbashi Kiswahili anakijua, tena chake kitamu, ila barua pepe na makaratasi yake ni Kifaransa kitupu.

Somo la kwanza ni bonjour, yaani salamu, na hapo watu huona nawapotezea muda. Ukipiga simu na kuanza na "Où est le document?", yaani hati iko wapi, umeingia nyumba ya mtu bila hodi. Sema "Bonjour monsieur", ngoja akuitikie, ndipo useme "Je vous appelle au sujet du conteneur", yaani nakupigia kuhusu lile kontena. Sisi wa shikamoo tusingehitaji kufundishwa hili, lakini Kiingereza cha ofisini kimetuharibu. Bonjour yenyewe mpe mtu mara moja tu kwa siku. Ukiirudia mchana ataona umesahau kuwa mlishasalimiana, ndiyo maana wengine husema "rebonjour", kwa utani kidogo. Na mteja mwite vous, ile "wewe" ya heshima, hata kama ni kijana kwako, mpaka mwenyewe aseme "On peut se tutoyer", yaani tunaweza kuitana tu, ile "wewe" ya kawaida.

Sasa neno lililonichoma mimi mwenyewe: éventuellement. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii nilimwandikia mteja, "Le conteneur arrivera éventuellement jeudi." Kwa kuwa neno linafanana na "eventually" ya Kiingereza, nilidhani nimesema kontena hatimaye litafika Alhamisi. Yeye akasoma: huenda likafika Alhamisi, huenda lisifike. Akawaambia vibarua wa kushusha wasije. Alhamisi lori likafika, getini hakuna mtu. Hatimaye ni "finalement". Actuellement nayo ina mtego uleule: maana yake ni "kwa sasa", si "actually" ya Kiingereza.

Namba nazo. Vitabu vingi vya Ufaransa vitakufundisha 70 ni soixante-dix na 90 ni quatre-vingt-dix. Kongo walirithi hesabu ya Wabelgiji: septante, nonante. Themanini tu ndiyo imebaki quatre-vingts. Kwa hiyo gari lenye namba 597 utasomewa "cinq cent nonante-sept", na ukisita dereva wako atasubiri mpakani. Saa pia, angalia: "neuf heures" (9:00 asubuhi) ya Lubumbashi ni saa nne kwetu, si saa tatu, maana wao wako nyuma kwa saa moja.

Mwanafunzi wangu mmoja alienda kikao huko. Akaulizwa, "Vous prenez un café?", yaani utakunywa kahawa? Akajibu kwa tabasamu, "Merci", asante. Kikombe kikapita mbele yake kikaenda kwa jirani, kwa sababu ukikaribishwa kitu, merci peke yake mara nyingi ni kukataa. Siku hizi anajibu "Oui, volontiers", ndiyo, kwa furaha, kabla swali halijaisha.