Ukitaka Kusoma Uzamili wa Uhandisi Dodoma, Anza na Kalenda ya Mvua

Kila mwaka, dirisha la maombi likikaribia, wahandisi vijana hupita ofisini kwetu kuulizia shahada ya uzamili. Wanauliza ada ni kiasi gani, GPA inayotakiwa ni ipi, na maombi yanafungwa lini. Ni maswali ya lazima, na baadhi nitayagusa huko mbele. Lakini katika kusimamia tasnifu hapa Dodoma, nimeona kinachowachelewesha wengi kuhitimu ni jambo ambalo karibu hakuna anayekuja kuliulizia, nalo ni mvua.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Desemba, mwaka mwingine mwishoni mwa Novemba, na kufikia Aprili umekwisha. Kwa mwaka mzima tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi. Mei mpaka Novemba ni kiangazi kitupu. Sasa iweke kalenda hiyo kando ya kalenda ya chuo. Masomo huanza Oktoba au Novemba, na programu nyingi za uzamili kwa anayesoma muda wote ni za miezi 18 hadi 24. Msimu wa kwanza wa mvua unakukuta darasani, unafanya kozi na mitihani. Andiko la utafiti, yaani pendekezo la utakachopima na namna utakavyokipima, unaliandaa kozi zikielekea ukingoni. Ukilitetea Septemba likapita, una wiki chache za kutafuta vifaa na kuvifunga kabla mvua haijaanza. Likirudishwa kwa marekebisho hadi Januari, msimu umeshafika katikati na mvua kubwa za mwanzo zimepita bila kupimwa. Hapo utasubiri Desemba nyingine. Kusubiri huko kunamaanisha ada nyingine, ruhusa nyingine kwa mwajiri na kodi nyingine ya chumba Ng'ong'ona au Iyumbu.

Jambo hili linamgusa yeyote ambaye utafiti wake unahusu maji, mabwawa, umwagiliaji, mifereji ya barabara, au misingi ya majengo kwenye udongo wa mfinyanzi. Wa umeme jua, hasa anayetaka kujua vumbi linapunguza kiasi gani cha umeme kwenye paneli, msimu wake ni kiangazi, lakini hesabu ni ileile: kuna miezi ya kupima na kuna miezi ambayo hutapata kitu. Anayefanya kazi yake yote kwenye kompyuta ana nafuu kidogo.

Ndiyo maana ninawaambia wanaokuja: miezi kati ya barua ya udahili na siku ya kuripoti ni sehemu ya shahada yako. Fika na swali mkononi.

Mazungumzo ya kwanza huwa hivi. Kijana anaingia, "Shikamoo mwalimu." Marahaba, karibu. "Nataka kufanya utafiti wa maji." Maji gani? "Maji ya Dodoma." Yapi sasa, ya visima, ya mvua, ya bomba, au yanayopotea kwenye mtandao wa mabomba? Hapo kimya. Amekuja na mada, na mada haipimiki. Swali la utafiti ni lile ambalo ukilisoma unajua utapima nini, wapi, kwa kifaa gani, na jibu la aina gani litakuonyesha kwamba ulichodhani hakikuwa sahihi.

Tuchukue Makutupora, kaskazini mwa jiji. Visima vya pale vimekuwa tegemeo kuu la maji ya Dodoma kwa miongo mingi, na kumbukumbu za kina cha maji chini ya ardhi zilianza kuwekwa miaka ya 1950. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu sana katika nchi za tropiki. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha jambo kubwa: maji ya ardhini pale hayaongezeki taratibu kila mwaka. Hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha ukija msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Nino wa 1997/98, yanapanda kwa mkupuo. Mtu aliyesoma hilo kabla ya kufika chuoni hawezi tena kusema anataka "kutafiti maji ya Dodoma." Atauliza: je, mabonde ya mchanga ya mito ya msimu ndiyo yanayopitisha maji hayo kwenda chini, na tunaweza kuyazuia maji pale kwa muda ili yazame zaidi? Hilo ni swali. Lina mahali, lina kipimo, lina msimu wake.

Maswali ya aina hiyo yametapakaa nyanda za kati. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Limejaa matope kiasi gani leo, na yanatoka kwenye vijito vipi? Kondoa ilikuwa na makorongo ya mmomonyoko yaliyofanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Ardhi iliyopona pale inapitisha maji vipi kuliko ile iliyobaki wazi? Na wengi wenu mmefanya kazi kwenye miradi mikubwa ya hapa: reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, majengo ya Mji wa Serikali Mtumba. Mhandisi aliyesimamia tuta au msingi ana maswali ambayo mimi mwalimu sina. Tatizo ni kwamba huwa hakuyaandika alipokuwa saiti. Nunua daftari leo. Kila kitu kilichokushangaza kazini, na kila kipimo kilichokataa kulingana na mchoro, kiandike humo na tarehe yake.

Usidhani lazima uwe na maabara ya mamilioni ndipo uanze. Nyumba nyingi za Dodoma zina nyufa zinazofunguka kiangazi na kujibana masika, kwa sababu zimekaa juu ya mfinyanzi unaovimba. Chukua udongo huo, ukaushe, uupitishe kwenye chekeche ya mikroni 425, pima mafungu mawili ya gramu 10. Fungu moja litie kwenye silinda ya kupimia yenye maji safi yaliyotoneshwa (distilled water), la pili kwenye silinda yenye mafuta ya taa. Koroga hewa itoke, acha kwa saa 24, kisha soma ujazo wa udongo uliotuama. Mfinyanzi hauvimbi ndani ya mafuta ya taa, kwa hiyo silinda ile ndiyo kipimo chako cha kulinganishia. Tuseme kwenye maji umesoma mililita 20 na kwenye mafuta 10: tofauti ya 10, ukiigawa kwa 10 ya mafuta, ni uvimbaji wa asilimia 100. Kwa kipimo hicho unaweza kuzunguka viwanja ishirini vya mtaa wako kabla hata hujalipa ada, na ukaja kwa msimamizi na ramani inayoonyesha udongo mkorofi umekaa wapi. Nakuhakikishia mazungumzo yenu yatakuwa tofauti kabisa na yale ya "maji ya Dodoma."

Kuhusu data, anza kuomba mapema kuliko unavyodhani inafaa. Takwimu za mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Za mito na visima ziko kwenye bodi za maji za mabonde, na hapa kuna mtego wa kijiografia: Makutupora iko upande wa Wami/Ruvu, bodi yenye makao Morogoro, wakati ukishuka Bahi umeingia Bonde la Kati, na bodi yake iko Singida. Ukikosea, barua yako itazunguka bure. Data ya mradi ulioufanyia kazi ni mali ya mwajiri au mteja; usiitoe kwenye kompyuta ya ofisi na kuitia kwenye tasnifu bila ruhusa ya maandishi, hata kama uliipima wewe mwenyewe.

Sasa hesabu. Mtu aliyekaa kazini miaka minne bila kugusa matriki wala milinganyo tofautishi (differential equations) atateseka muhula wa kwanza, na muhula wa kwanza hauna huruma. Rudia hesabu za mwaka wa pili kwa kalamu na karatasi, kisha zipeleke kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo ni ya bure. Tilia mkazo takwimu kuliko kitu kingine chochote. Tasnifu nyingi za uhandisi zinazorudishwa hazirudishwi kwa sababu ya ufundi mbovu. Mtafiti amepima vizuri, ila amechukua sampuli tatu akachora mstari juu yake na kutangaza uhusiano. Jifunze sampuli ngapi zinatosha kabla hujaenda kuzichukua. Programu nyingine za kazi zipo bure pia: QGIS kwa ramani, EPANET kwa mitandao ya mabomba, HEC-RAS kwa mito na mafuriko, Zotero kwa kutunza marejeo. Sioni sababu ya kuhangaika na programu za wizi.

Tasnifu yako itaandikwa kwa Kiingereza, na mhandisi wa saiti amezoea kuandika ripoti fupi zenye vidokezo. Kwa miezi hiyo ya kusubiri, soma makala moja ya kitaalamu kwa wiki na uandike ukurasa mmoja kwa maneno yako mwenyewe: walitaka kujua nini, walipima vipi, wapi hujaridhika. Kurasa hizo baadaye zinakuwa mfupa wa sura yako ya pili, ile ya mapitio ya tafiti za wengine. Na kwa kuwa ni maneno yako, mfumo wa kukagua wizi wa maandishi hautakusumbua.

Kuna swali la kama uende uzamili moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza. Kwa anayetaka kufundisha au kutafiti, sawa, aendelee. Kwa wengine ushauri wangu ni kazi kwanza. Uzamili haukupi usajili wa Mhandisi Mtaalamu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Bado bodi itataka kuona kazi za uhandisi ulizofanya chini ya usimamizi, na mpango wake wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu ni wa miaka mitatu. Anayemaliza miaka hiyo kwanza huja darasani akijua anatafuta nini.

Sifa za kuingia hazina fumbo kubwa. Vyuo vingi nchini vinaanzia GPA ya 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini, na maombi unayatuma chuoni moja kwa moja kupitia mfumo wa mtandaoni. Uliyesoma nje ya nchi, shahada yako itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na usisubiri wiki ya mwisho. Mtumishi wa umma hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi na una ruhusa kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo ya bosi huondoka na bosi akihamishwa. Ukiomba ufadhili, andika bajeti ya utafiti peke yake, mbali na ada. Vipimo vya maabara, mafuta ya gari, posho ya vijana wa kuchimba mashimo, vyote hivyo vinadai fedha katika miezi ileile ya kabla ya mvua.

Kisha mwandikie msimamizi unayemtaka, mapema, ikiwezekana miezi miwili kabla chuo hakijafunguliwa. Soma kwanza alichochapisha yeye. Barua iwe ya ukurasa mmoja: wewe ni nani na umefanya kazi gani, swali lako ni lipi, utapimia wapi, data gani umeshaipata na ipi umeiomba, na msimu gani wa mvua unaulenga. Ambatanisha matokeo yako ya chuo na kipimo chochote ulichokwisha kufanya, hata kiwe ni kile cha silinda mbili. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe kwa heshima. Akisema nafasi zake zimejaa, muulize nani mwingine kwenye idara anafanya kazi ya namna hiyo. Ukishampata, ombi lako la kwanza kwake liwe tarehe ya kutetea andiko, na mkubaliane isivuke Septemba.