Kupanga kwanza, au kutafuta moja kwa moja?

Kompyuta ikipewa namba milioni moja zilizovurugika, haina ujanja. Itaanza na ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ipate inayotafutwa. Kama haimo, zote zitapitiwa. Zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kuchungulia mara 20 kunatosha, kwa sababu kila mara nusu ya zilizobaki hutupwa.

Chukua 3, 8, 14, 21, 27, 33, 40. Unatafuta 33. Ya katikati ni 21, ndogo kuliko 33, basi achana na upande wote wa kushoto. Katikati ya zilizobaki ni 33. Umefika.

Sasa 14 na 40 zibadilishane nafasi: 3, 8, 40, 21, 27, 33, 14. Tafuta 14. Katikati kuna 21, unakwenda kushoto, kuna 8, unakwenda kulia, unakuta 40. Programu inajibu kwamba 14 haimo, bila onyo lolote. Mimi naihofia programu ya namna hii kuliko ile inayogoma kabisa. Chanzo kimoja cha kawaida ni namba kuhifadhiwa kama maandishi: hapo 100 hutangulia 20, kwa kuwa 1 huja kabla ya 2.

Ila kupanga nako kuna gharama. Ukipanga kama mcheza karata, kila moja ukiichomeka mahali pake, namba milioni moja zinaweza kudai ulinganishaji wa karibu mara bilioni 500. Njia ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945, ya kupanga mafungu madogo na kuyaunganisha, hudai kama milioni 20. Bado ni nyingi kwa anayetafuta kitu kimoja tu. Huyo apekue, asipange. Anayetafuta kutwa nzima ndiye anayefaidika.

Mwanasayansi wa kompyuta Mwingereza, Tony Hoare, alikutana na hesabu hiyo akiwa mwanafunzi Moscow, akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa mashine. Kamusi ilikuwa kwenye utepe wa sumaku, kwa mpangilio wa alfabeti, na kuuzungusha upya kwa kila neno kungechukua muda mno. Akaona heri apange maneno ya sentensi kwanza, utepe upite mara moja. Humo ndimo alimobuni algoridhimu yake, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kupanga, aliyoichapisha mwaka 1961: chagua kitu kimoja cha orodha kiwe kigezo, vilivyo vidogo kuliko hicho viende huku, vikubwa kule, kisha rudia kila upande. Kwa kawaida ina kasi sana. Kichekesho ni kwamba, kigezo kikiwa kila mara kile cha kwanza, orodha iliyokwisha kupangwa ndiyo inayoichosha kupita zote.